Maswali ya Wasomaji: Kujitoa Katika Mkataba wa Simu Kabla ya Muda Wake

Msomaji wa Dar es Salaam au Nairobi aliyezoea kukwangua vocha na kununua bando la wiki huenda akashangaa kusikia kwamba kuna watu wanaokosa usingizi kwa sababu ya mkataba wa simu. Huku kwetu ukichoka na mtandao unanunua laini ya mtandao mwingine, na ile ya zamani unaiacha ilale kwenye droo. Uingereza mambo hayaendi hivyo. Mtu huingia dukani, akatoka na simu ya bei kubwa akiwa amelipa kidogo tu au hakulipa kitu, kumbe amejifunga kulipa kila mwezi kwa miaka miwili, na mara nyingine mitatu. Barua tatu tunazozijibu katika toleo hili zote zinahusu mikataba ya Uingereza, na sheria nitakazozitaja ni za huko.

Swali: Mheshimiwa mshauri, shikamoo. Mimi ni mtunzaji wa wazee hapa Leicester, na mwezi wa nne nimekusudia kurudi Tanga moja kwa moja. Nilichukua simu dukani kwa mkataba wa miezi 24, na imebaki miezi 11. Kila mwezi benki inakata pauni 38. Nilipoipigia kampuni niliambiwa nisubiri mkataba uishe. Rafiki yangu ananishauri nifute makato benki siku ya safari, akisema nikishapanda ndege hakuna atakayenifuata. Je, ninaweza kujitoa kihalali? Simu nitaondoka nayo? Na namba yangu, ambayo benki na mwajiri wanaijua, itapotea? — Msomaji, Leicester

Jibu: Marahaba, dada yangu. Kujitoa unaweza, na aliyekuambia usubiri mkataba uishe alikupa jibu linaloifaa kampuni yake kuliko linalokufaa wewe. Hakuna mkataba wa simu unaomzuia mteja kuondoka. Kilichopo ni gharama ya kuondoka, na gharama hiyo ndiyo tunayopaswa kuipima kabla hujaamua.

Jambo la kwanza, tafuta karatasi ulizopewa dukani au barua pepe zilizofuata, uangalie kama ulitia saini mkataba mmoja au miwili. Watu wengi husema "mkataba wa simu" kana kwamba ni kitu kimoja, ilhali kampuni nyingi siku hizi hugawa jambo hilo mafungu mawili: mkataba wa huduma, yaani dakika, ujumbe na intaneti, na mkataba wa mkopo ambao ndani yake kampuni imekuuzia simu yenyewe kwa malipo ya kila mwezi. Benki inakata fedha mara moja tu, kwa hiyo mteja haoni mpaka uliopo katikati. Tangu Juni 2022 kampuni zinatakiwa kumpa mteja muhtasari mfupi wa mkataba kabla hajajifunga, na humo utaona bei, muda na masharti ya kujitoa. Anza na karatasi hiyo.

Tuchukue mfano. Tuseme katika pauni zako 38, pauni 24 ni za simu na pauni 14 ni za huduma. Kwa miezi 11 iliyosalia, simu inadaiwa pauni 264 na huduma pauni 154. Mafungu haya mawili hayatendewi sawa. Pauni 264 ni deni la kitu ambacho tayari unacho mkononi, na hakuna hoja itakayolifuta. Ila sheria ya mikopo ya wateja ya mwaka 1974 inakupa haki ya kulilipa lote kabla ya wakati, siku yoyote utakayotaka. Pauni 154 ni malipo ya huduma ambayo bado hujapewa, na hapo ndipo penye nafasi ya kusema. Kwa mujibu wa sheria ya haki za wateja ya mwaka 2015, sharti la mkataba linalomlemea mteja isivyo haki halimfungi, na Ofcom, ambayo ndiyo mamlaka inayosimamia mawasiliano Uingereza, imezieleza kampuni kwamba ada ya kujitoa mapema haipaswi kuzidi malipo yaliyosalia, na kwamba inapaswa kupunguzwa kadiri kampuni inavyookoa gharama kwa kutokuhudumia tena. Kwa hiyo ukiletewa hesabu ya pauni 154 kamili, au zaidi, uliza kwa maandishi imepatikanaje.

Huna haja ya kubishana na mhudumu ili uijue hesabu hiyo. Tuma neno INFO kwenda namba 85075 kutoka kwenye laini hiyohiyo. Ni bure, na kampuni inatakiwa kukujibu papo hapo ikikueleza kiasi utakachodaiwa ukiondoka leo. Utaratibu huo umekuwapo tangu tarehe 1 Julai 2019, na kuutumia hakukufungi kwa lolote.

Ipo pia njia ya kuondoka bila ada ya huduma, nayo hufunguliwa na kampuni yenyewe inapobadili masharti. Ikipandisha bei au ikibadili jambo jingine kwa namna isiyokunufaisha, tofauti na ulivyokubali siku ya kutia saini, inalazimika kukupa taarifa ya angalau mwezi mmoja na kukuruhusu kujitoa bila adhabu. Tatizo ni kwamba nyongeza iliyokwisha kuandikwa ndani ya mkataba haihesabiwi kuwa mabadiliko. Kwa miaka mingi kampuni ziliandika kwamba bei itapanda kila mwaka kwa kiwango cha mfumuko wa bei pamoja na asilimia fulani juu yake, na mteja akitia saini bila kujua asilimia hiyo itazaa pauni ngapi. Ofcom ilikataza mtindo huo kwa mikataba inayofungwa kuanzia tarehe 17 Januari 2025: nyongeza yoyote sasa lazima itajwe kwa pauni na peni tangu mwanzo. Soma basi mkataba wako unasemaje, kisha ulinganishe na taarifa ya bei ya mwaka huu. Ukikuta tofauti, hata ya peni chache kwa mwezi, mlango umefunguka, ingawa ukitaka kubaki na simu utalipa kilichosalia cha simu. Taarifa hizi huja kwa barua pepe ambazo sisi sote huzifuta bila kuzisoma. Rudi kwenye zile ulizozifuta.

Kama mlango huo haupo, piga simu tena, lakini safari hii useme waziwazi kwamba unataka kuondoka, uunganishwe na idara inayoshughulikia wateja wanaoondoka. Watu wa idara hiyo huwa na ruhusa ambazo mhudumu wa kawaida hana. Waombe wakushushe kwenye kifurushi cha chini kabisa wanachokuwa nacho. Kampuni nyingi hukubali jambo hilo mkataba ukiwa umeshasogea. Kikiwa cha pauni 8 kwa mwezi, miezi 11 itakugharimu pauni 88 badala ya 154, na huenda ikawa nafuu kuliko ada ya kujitoa. Kama una ndugu anayebaki Leicester na anahitaji laini, uliza kama kampuni inaruhusu mkataba kuhamishiwa jina lake. Zipo zinazokubali baada ya kumchunguza uwezo wake wa kulipa. Usimwachie tu laini kwa maelewano ya mdomo. Akikosa kulipa mwezi mmoja, atakayeandikwa mdaiwa ni wewe.

Sasa nije kwa rafiki yako. Sina shaka kwamba anakupenda, lakini ushauri wake ndio ghali kuliko yote niliyoyataja. Kufuta makato benki hakuvunji mkataba. Kunasimamisha malipo tu, na mkataba unaendelea kuhesabu. Kampuni itakuandikia, kisha itakata huduma, kisha itadai miezi yote iliyosalia kwa mkupuo, na hatimaye itaandika katika rekodi yako ya mikopo kwamba umeshindwa kulipa. Alama hiyo hukaa miaka 6, na huonekana kwa kila benki au kampuni ya mikopo itakayoangalia rekodi zako katika Experian, Equifax au TransUnion, kampuni zinazotunza rekodi za mikopo za watu. Deni linaweza kuuzwa kwa wakusanyaji wa madeni, na anayelinunua anaweza kwenda mahakamani. Barua za mahakama zitatumwa kwenye anwani yako ya Leicester ambako hutakuwapo, na hukumu inaweza kutolewa pasipo wewe kujua kwamba kulikuwa na kesi. Wengi waliorudi nyumbani "moja kwa moja" nimewaona wakirejea Uingereza baada ya miaka mitatu, kwa sababu ya mtoto anayesoma au kazi iliyopatikana tena. Na kama una akaunti ya pamoja na mumeo, doa lako linaweza kuangaliwa hata yeye atakapoomba mkopo.

Kuhusu simu yenyewe, kampuni za Uingereza zimekatazwa tangu tarehe 17 Desemba 2021 kuuza simu zilizofungwa kutumia mtandao mmoja tu. Yako basi itapokea laini ya Tanzania bila fundi, na utakachohitaji Tanga ni namba yako ya NIDA na alama za vidole za kusajilia laini. Lakini simu isiyofungwa si simu iliyolipwa. Angalia kama mkataba wako wa mkopo unasema kwamba ukivunja huduma, deni lote la simu linadaiwa mara moja, kwani baadhi ya mikataba imeandikwa hivyo, ilhali mingine inakuacha uendelee kulipa kila mwezi kama kawaida.

Namba haitapotea ukiishughulikia kabla ya kuondoka. Kenya ilianza kuruhusu watu kuhama mtandao bila kubadili namba mwaka 2011 na Tanzania mwaka 2017, kwa hiyo dhana yenyewe si ngeni kwako. Nunua laini ya kulipia kabla kutoka kampuni nyingine ya Uingereza, kisha tuma neno PAC kwenda 65075 kutoka kwenye laini ya zamani. Utaletewa namba ya siri, ambayo ndiyo PAC yenyewe, inayodumu siku 30, pamoja na hesabu ya deni lako. Ukiipeleka namba hiyo kwa kampuni mpya, namba yako ya simu itahamia huko ndani ya siku moja ya kazi, na kampuni ya zamani hairuhusiwi kukutoza siku za notisi zinazozidi siku ya kuhama. Kuwa mwangalifu hapa: kuomba PAC hakuna madhara, lakini kuitumia ndiko kunakovunja mkataba wa huduma, na ada ya kujitoa huja katika bili ya mwisho. Kwa hiyo usiitumie kabla hujamaliza mazungumzo ya kupunguziwa.

Chagua laini ambayo umehakikishiwa kwamba inapokea ujumbe ikiwa Tanzania, kwa sababu benki itaendelea kukutumia namba za uthibitisho huko, na uulize inaweza kukaa muda gani bila kutumika kabla haijafungwa. Kuna waliopoteza namba kwa kusahau kutuma ujumbe mmoja tu kila baada ya miezi kadhaa. Akaunti ya benki nayo iache wazi hadi bili ya mwisho ilipwe, na umwombe mhudumu akutumie barua pepe inayosema deni limekwisha. Barua pepe hiyo ihifadhi pamoja na pasipoti.

Swali: Mimi ni mwanafunzi kutoka Bujumbura, ninasoma Coventry. Siku tisa zilizopita niliagiza simu na laini kwa njia ya simu, mkataba wa miezi 24. Muuzaji alinihakikishia kwamba mtandao wao unashika vizuri kwenye anwani yangu. Simu imefika, lakini chumbani kwangu haishiki kabisa. Ninalazimika kutoka nje ili nizungumze na mama. Kampuni inasema nimeshafungua boksi, hivyo siwezi kurudisha. — Msomaji, Coventry

Jibu: Kijana wangu, acha kusoma safu hii kwa dakika kumi uandike barua pepe ya kuvunja mkataba, kisha urudi. Kanuni za mwaka 2013 zinazohusu mauzo ya mbali humpa mteja aliyeagiza kwa simu au kwa intaneti siku 14 za kubadili mawazo bila kutoa sababu yoyote, nawe umeshatumia tisa. Kufungua boksi hakukunyimi haki hiyo. Unaruhusiwa kuishika na kuijaribu bidhaa kama ambavyo ungeishika dukani. Ukiikwaruza, hapo kampuni inaweza kukukata thamani iliyopungua.

Andika jina, namba ya agizo, na sentensi moja: ninavunja mkataba huu leo. Tuma na uhifadhi nakala. Baada ya hapo una siku 14 nyingine za kuirudisha simu, na uchukue risiti ya posta. Wanaweza kukutoza huduma uliyotumia katika siku hizo chache ikiwa uliomba ianze mara moja, ambayo itakuwa pauni chache tu. Dada yetu wa Leicester hapo juu hakuwa na haki hii kwa upande wa huduma kwa sababu alinunua dukani, ana kwa ana. Ingawa mkopo wa simu, hata ule wa dukani, una siku zake 14 za kujitoa, jambo ambalo wauzaji hawalitangazi. Anayejitoa katika mkopo wa namna hiyo hulazimika kurudisha fedha alizokopeshwa.

Kama barua hii itakufikia siku hizo zikiwa zimepita, bado una hoja nyingine. Maneno ya muuzaji kuhusu huduma, ukiyategemea unapoamua kununua, huhesabiwa na sheria ya mwaka 2015 kuwa sehemu ya mkataba. Waulize kama mazungumzo yenu yalirekodiwa, na uombe nakala. Wakikataa kukusikiliza, peleka malalamiko rasmi kwa maandishi, na wakishakupa jibu la mwisho usiloridhika nalo, au wakinyamaza hadi muda uliowekwa upite, una haki ya kwenda kwa msuluhishi huru ambaye kila kampuni ya simu inalazimika kujiunga naye. Hutalipa chochote. Jina la msuluhishi wao limo katika tovuti yao, sehemu ya malalamiko, mara nyingi chini kabisa.

Ikiwa hupendi kuhangaika na unaipenda simu hiyo, jaribu kwanza kuwasha upigaji wa simu kupitia Wi-Fi kama kampuni yako inauruhusu. Chumba chako pengine kina kuta nene tu. Lakini jaribu hilo baada ya kutuma barua pepe, si kabla.

Swali: Mume wangu alifariki Birmingham mwaka jana, akazikwa hukohuko. Mimi niko Likoni. Nilimsaidia kufungua barua pepe yake, na kila mwezi naona bili ya simu inaingia, na sasa wanatishia kuchukua hatua. Sina uwezo wa kulipa, na sijui kama deni hili ni langu. — Mama, Likoni

Jibu: Pole sana mama, Mungu amrehemu. Deni hilo si lako. Mkataba ulikuwa wa marehemu peke yake, na kilichodaiwa hulipwa kutoka katika mali aliyoiacha, kabla ya kugawanywa kwa warithi. Pasipo na mali ya kutosha, mdai hukosa. Mke au mtoto hawajibiki kutoa fedha zake mwenyewe, isipokuwa kama naye alitia saini.

Bili hizo zinatumwa na mashine ambayo haijaambiwa habari za msiba. Waandikie, au umwombe ndugu aliyeko Birmingham awapigie na kuomba idara inayohudumia wafiwa, kwani kampuni kubwa zote zinayo. Watahitaji jina kamili, namba ya simu, tarehe ya kifo na nakala ya cheti cha kifo. Omba mkataba ufungwe kuanzia siku aliyofariki na bili zote za baada ya hapo zifutwe. Kwa kawaida hawatozi ada ya kujitoa katika hali hii. Wakiitaja, omba kwa upole iondolewe, nao huiondoa. Kama simu ilikuwa ya mkopo na bado mnayo, waulize salio lake ni kiasi gani, kwa sababu hilo ni deni la mirathi kama madeni mengine.

Lipo jambo moja la kufanya kabla ya kutuma barua hiyo. Namba ikishafungwa, haitapokea tena namba za uthibitisho za benki, na sauti yake aliyoiweka kupokea ujumbe itafutika. Ikiwa msimamizi wa mirathi bado anashughulika na akaunti zake, mwambie namba inakaribia kufungwa. Ikiwa watoto wangependa kuisikia tena sauti ya baba yao, mtu apige namba hiyo sasa na kuirekodi kwa simu nyingine. Kisha tuma barua, na mtu yeyote atakayekuandikia tena akidai fedha kwa jina lako, mjibu kwa mstari mmoja kwamba mteja wake amefariki na kwamba maswali yote yapelekwe kwa msimamizi wa mirathi.